Ukienda Kortini Garsen, Umati Acha Stejini, Beba Mtaalamu

Ukitaka kujua kama leo kuna kesi ya shamba Garsen, usiulize mtu. Angalia stejini tu. Pikapu mbili zimejaa wazee, akina mama wameshika thamosi za chai, vijana wamebebana watatu watatu kwenye bodaboda. Kijiji kizima kimekuja kumsindikiza mtu wao. Ukigeuka upande wa pili wa barabara, wapinzani nao wamekuja na pikapu zao. Kila upande unaamini kwamba jaji akiinua macho akaona watu wote wale, atajua haki iko wapi.

Wacha niwaambie ukweli, wasee. Jaji hahesabu vichwa. Watu hamsini wakisema "sisi tunajua" hawamfikii mtu mmoja anayeweza kusema "nimepima, nimeandika, na hivi ndivyo nilivyojua."

Mimi si wakili. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, nikapata kibarua kwenye saiba moja karibu na korti. Kazi kubwa ilikuwa kuchapa karatasi za watu wenye kesi. Nimechapa taarifa za mashahidi mpaka vidole vikaota sugu. Kitu kimoja nilikiona tena na tena: watu wetu hawashindwi kwa sababu wanadanganya. Wanashindwa kwa sababu hakuna aliyekuja kuueleza ukweli wao kwa lugha ambayo korti inaweza kuipima.

Mfano wa karibu ni mjomba wangu. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi yake usiku mmoja, wakamaliza kila kitu. Alikuwa na mashahidi sita, wote waliona kwa macho yao. Wakili wa upande wa pili akamuuliza swali moja tu: "Mzee, hasara ilikuwa magunia mangapi, na umejuaje?" Mjomba akajibu kwamba yeye ni mkulima, analijua shamba lake. Afisa wa kilimo alikuwa amekuja kweli, lakini wiki tatu baadaye, mabua yakiwa yamekauka. Aliandika ripoti, mjomba akaiweka kwenye bahasha, akadhani imetosha. Siku ya kesi hakuna aliyemwita yule afisa. Upande wa pili ukapinga ripoti isitolewe bila mwenyewe kuwepo, na korti ikakubaliana nao. Hakimu akasema anaamini ng'ombe waliingia, ila hasara haikuthibitishwa. Mjomba alishinda mdomoni, akashindwa mfukoni.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: huyu mtu anayeitwa shahidi mtaalamu ni nani hasa, na kwa nini sisi wa Tana River tunamkumbuka wakati maji yashazidi unga?

Hola, 1959: maji au marungu?

Kabla mtu hajaniambia haya ni mambo ya watu wa Nairobi, nimkumbushe kwamba moja ya kesi kubwa zaidi za ushahidi wa kitaalamu katika historia ya Kenya ilianzia hapa hapa kaunti yetu, ukipanda mto kutoka Garsen mpaka Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa kizuizini kwenye kambi ya Hola walitolewa kwenda kuchimba mitaro ya skimu ya unyunyizaji. Walikuwa wamekataa kazi ile. Askari waliamriwa kuwalazimisha. Jua lilipotua, watu 11 walikuwa wamekufa au wako njiani kufa, na wengine wengi wameumia vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ikawa ya ajabu: ati watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Hebu fikiria. Mashahidi walikuwepo, makumi ya wafungwa walioona kila kitu. Lakini nani angewasikiliza? Walikuwa wafungwa, Waafrika, waliobandikwa jina la magaidi. Maneno yao hayakuwa na uzito wowote mbele ya taarifa yenye mhuri wa serikali.

Uongo ule uliangushwa na miili yenyewe. Maiti zilifanyiwa upasuaji, na madaktari wakakuta majeraha ya kupigwa. Uchunguzi wa vifo ukafanywa mbele ya hakimu Goudie, na ripoti yake ya Mei 1959 ikaweka wazi kwamba vifo vilitokana na kipigo. Hadithi ya maji ikafa siku hiyo. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini mara nyingine inahitaji daktari wa kuipima urefu wake. Mjadala ukafika hadi Bunge la Uingereza mwezi wa Julai, na kambi za kizuizini zikaanza kuonekana kwa sura yake halisi. Serikali ya mkoloni nayo ikabadilisha jina la Hola, ikapaita Galole, kana kwamba jina jipya lingefuta damu.

Lakini tusijidanganye. Hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Mtaalamu alisema ukweli, ukweli ukaandikwa, halafu wenye mamlaka wakaukalia. Ushahidi wa kitaalamu hausukumi kesi peke yake. Lazima awepo mtu wa kuubeba.

London, 2011: wanahistoria kizimbani

Ukweli ule ulikaliwa miaka 50. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya wakaishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso ya wakati wa hali ya hatari. Mmoja wao alikuwa Wambugu wa Nyingi, mtu aliyepigwa pale Hola tarehe 3 Machi 1959 hadi akazimia, akaamka akiwa hai.

Sasa hapa ndipo pananoga. Ni mtaalamu gani unayemtafuta kwa kesi ya nusu karne iliyopita? Daktari peke yake hatoshi, makovu yamezeeka na mwenye nayo. Mawakili wa wazee walitafuta wanahistoria watatu: David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett. Hawa walikuwa wametumia miaka wakichimba makavazi ya Kenya na Uingereza. Hawakuja kortini kulia wala kupiga siasa. Walikuja kusema: barua hii iliandikwa na fulani, tarehe hii, ikamfikia fulani, kwa hiyo aliyekuwa juu alijua.

Na Anderson alifanya jambo moja ambalo kila mtu mwenye kesi anapaswa kulielewa. Aliieleza mahakama kwamba kuna nyaraka zilizoondolewa Nairobi kabla ya uhuru ambazo hazijawahi kuonekana. Yaani hakusema tu alichokiona. Alisema pia kinachokosekana, kwa sababu ni mtu anayejua makavazi kamili yanafaa kufananaje ndiye anayeweza kujua kwamba kuna pengo. Presha ikapanda, na Januari 2011 serikali ya Uingereza ikakiri: masanduku karibu 300, yenye mafaili kama 1,500 ya Kenya, yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park.

Baada ya hapo Jaji McCombe akaamua mara mbili, Julai 2011 na Oktoba 2012, kwamba kesi inaweza kuendelea licha ya miaka yote iliyopita. Moja ya mambo yaliyomshawishi ni kwamba nyaraka zilikuwepo kwa wingi. Tarehe 6 Juni 2013, Uingereza ikatangaza majuto bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, karibu shilingi bilioni 2.6 wakati huo, kwa ajili ya wahasiriwa 5,228.

Ikaja kesi nyingine nyuma yake, hii ikiwa na walalamishi zaidi ya 40,000. Hiyo ndiyo pikapu za Garsen zikizidishwa mara elfu! Mwaka 2018 ikatupwa, hasa kwa sababu ya muda kupita. Si kwamba wale watu hawakuteseka. Ni kwamba wingi wa watu hauzibi shimo la ushahidi wala haurudishi saa nyuma.

Sheria yetu inasemaje

Turudi nyumbani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaanza na msimamo mkali: shahidi wa kawaida anasema alichoona, alichosikia, alichofanya. Maoni yake abaki nayo. Ukisema "nilimwona Fulani akitoka shambani na panga," sawa. Ukisema "nadhani kidonda kile kilikuwa cha panga," utakatizwa.

Kifungu cha 48 ndicho kinachofungua mlango. Pale ambapo korti inahitaji kuamua jambo la sayansi, ufundi, sheria ya nchi ya kigeni, mwandiko au alama za vidole, inaweza kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu wa jambo hilo. Angalia maneno: ujuzi maalumu. Kifungu hakisemi digrii. Cheti kinasaidia, tena sana, lakini linaloulizwa ni kama huyu mtu analijua jambo hili kuliko mtu wa kawaida, na amelijuaje.

Halafu ukisogea hadi kifungu cha 51 unakuta kitu kinachotuhusu kabisa sisi wa delta: kwenye suala la mila au haki ya jumla ya jamii, korti inaweza kusikiliza maoni ya watu wanaotarajiwa kuijua mila hiyo. Chukua malka, zile njia za ng'ombe kwenda kunywa maji mtoni zinazopita katikati ya mashamba. Nani mtaalamu wa malka? Si profesa wa Nairobi aliyeisoma kwenye kitabu. Ni mzee wa Gasa upande wa Wapokomo na mzee wa Matadheda upande wa Waorma, waliokaa pamoja msimu baada ya msimu wakikubaliana ng'ombe wapite wapi na lini. Tatizo ni kwamba tunawapeleka wazee hawa kortini kama mashabiki. Wanakaa kwenye mabenchi ya nyuma, wanatikisa vichwa, wanarudi nyumbani. Hakuna aliyewaandikia taarifa, hakuna aliyewauliza: mzee, umejuaje, tangu lini, na ni kesi ngapi za malka umewahi kusuluhisha?

Maana mtaalamu yeyote, awe daktari au mzee wa ukoo, lazima atoe sababu za maoni yake. Daktari akisema tu "alipigwa" bila kueleza aliona nini, ametoa maoni ya mpita njia aliyevaa koti jeupe.

Tena korti haifungwi na mtaalamu. Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Ndolo dhidi ya Ndolo ilisema maoni ya mtaalamu wa mwandiko yaheshimiwe, lakini hayamfungi jaji. Yanapimwa pamoja na ushahidi mwingine wote, na kukiwa na sababu nzito, yanakataliwa. Mwenye kuamua ni jaji. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kesi tumeshinda, tuna daktari," mwambie atulie kwanza.

Na kinyume chake ni kweli pia. Katika kesi ya Kassim Ali dhidi ya Jamhuri iliyoamuliwa Mombasa, Mahakama ya Rufaa ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuuwi kesi ya ubakaji, kwa sababu kosa hilo linaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa na mazingira yenyewe. Hili nalisisitiza kwa dada zangu wanaoambiwa vijijini ati kwa vile hawakwenda hospitali siku ile ile, basi hawana kesi. Nenda hospitali haraka, ndiyo, bila kuoga wala kufua nguo. Lakini ukichelewa usikubali kunyamazishwa.

Mto unahama, mpaka unabaki wapi?

Kesi za kwetu zina ladha yake. Chukua mpaka wa shamba. Sehemu nyingine za Kenya mpaka ni jiwe au ua. Kwetu babu alisema "mwisho wa shamba ni mto." Sawa, mto upi? Tana ni mto unaohama. Karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni wa kuunganisha Tana na Ozi, na baadaye mto wenyewe ukauchukua mfereji kama njia yake ya kutokea baharini, mpaka leo unamwaga maji Kipini. Kama mto mzima unaweza kubadilisha mlango wa kutokea, shamba lako la ekari tatu ni nini?

Hapa wazee ishirini wanaweza kuapa mto ulipita mashariki, na wengine ishirini waape ulipita magharibi, na wote wawe wanasema ukweli, ila wa miaka tofauti. Anayeweza kuwapatanisha ni mtu wa ramani. Idara ya upimaji ya taifa pale Ruaraka ina ramani na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwepo tangu 1972, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuziangalia bure. Msee wa kompyuta kijijini anaweza kuziona, lakini kuzisoma na kuapa juu yake ni kazi ya mpima ardhi au mtaalamu wa ramani. Na kwa vile ni ushahidi wa kielektroniki, zinahitaji cheti chake chini ya kifungu cha 106B. Wengi huanguka hapo: picha nzuri, cheti hakuna.

Halafu kama ardhi imesajiliwa, usikimbilie korti kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inataka mgogoro wa mpaka uamuliwe kwanza na msajili wa ardhi.

Na mafuriko? Wale waliohamishwa na maji mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 wanajua swali linalozungumzwa kila kambi: maji haya ni ya mvua tu, au mabwawa ya juu yana mkono? Kutoka Masinga mpaka Kiambere kuna mabwawa matano kwenye mto huu. Sina jibu la kukupa kwenye makala, na wewe pia huna jibu la kumpa jaji kwa kuonyesha video ya TikTok. Anayeweza kujibu ni mtaalamu wa maji mwenye takwimu za mvua, za kina cha mabwawa na za kasi ya mto siku kwa siku, awekee tarehe sambamba. Takwimu hizo ziko kwa taasisi za umma, na kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuziomba. Omba sasa, si mwaka wa tatu baada ya mafuriko.

Kitu kizuri ni kwamba Tana Delta ishawahi kushinda. Mwaka 2010 wakazi wa delta, wakulima na wafugaji pamoja, walikwenda Mahakama Kuu kulalamikia ardhi yao kugawanywa kwa miradi mikubwa bila mpango wowote. Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaagiza kuwe na mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, wakazi wakishirikishwa. Kumbuka miezi ile ilikuwaje. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa kwenye mapigano Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Huku nje watu wanachinjana juu ya maji na malisho, huku ndani ya korti jamii zile zile zimekaa upande mmoja wa kesi. Hilo silisahau.

Jambo gumu: maiti

Nitasema jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, na naomba mnisamehe wazee wangu. Wengi wetu Tana River ni Waislamu na tunazika haraka. Ni desturi njema na ni heshima kwa marehemu. Lakini mtu akifa kwa risasi, kwa panga au mikononi mwa askari, na tukamzika kabla daktari hajamwona, tumezika na shahidi mkuu. Kufukua baadaye kunahitaji amri ya korti, kunachelewa, na kunaumiza familia mara ya pili.

Hola inatufundisha hivyo. Kama wale 11 wangezikwa siku ile ile bila kupasuliwa, leo vitabu vingesema walikufa kwa maji. Na majirani zetu wa Kilifi waliliona hili Shakahola kuanzia Aprili 2023, ilipobidi miili zaidi ya 400 ifukuliwe, timu ya mwanapatholojia mkuu wa serikali Dkt Johansen Oduor ikipasua maiti mchana kutwa na familia zikitolewa sampuli za DNA ili zijue yupi ni wa nani.

Zungumzeni na imamu wenu na daktari mapema, siku ya msiba. Familia inaweza kuomba upasuaji ufanywe upesi, na inaweza kuleta daktari wake ashuhudie. Ni masaa machache, na baadaye hutalala usiku ukijiuliza mwanao aliuawa na nini.

Utampataje, na utamlipa nini?

Najua swali lenu. Wataalamu wako Nairobi na Mombasa, doo hatuna. Ni kweli, na ni dhuluma ya kweli. Tajiri anakuja na wataalamu watatu wenye laptopu, mkulima anakuja na mkongojo. Lakini kabla ya kukata tamaa, pitia haya.

Anza na wataalamu wa umma. Afisa wa kilimo wa wadi, daktari wa mifugo, daktari au tabibu wa hospitali anayejaza fomu ya P3, mpima ardhi wa kaunti, Mkemia wa Serikali ambaye ana ofisi Mombasa. Hawa wanalipwa na kodi yako. Mpigie afisa siku ile ile ya tukio, mchana wake awe shambani. Ripoti ya siku ya pili ina nguvu, ya wiki ya tatu ni hadithi. Uliza mjomba.

Soma swali lako kabla ya kutafuta mtu. Sahihi kwenye mkataba wa kuuza shamba si ya baba? Unataka mchunguzi wa hati, na unataka sahihi nyingine za baba za miaka ile ile za kulinganisha. Mtoto anakataliwa na baba yake? Unataka DNA, na korti ya watoto inaweza kuagiza ipimwe. Watu hulipa mtaalamu mzuri wa swali lisilo lao.

Mwite mwenye ripoti. Kwenye jinai, ripoti za Mkemia wa Serikali na wataalamu wengine waliotajwa kwenye kifungu cha 77 zinaweza kupokelewa bila wao kuja, ingawa korti ina uwezo wa kuwaita. Kwenye kesi za madai si hivyo: upande wa pili usipokubali, aliyeandika lazima aje aulizwe maswali. Mwambie mapema tarehe, na kama anasuasua, omba korti itoe samansi.

Usimnunue. Lipa kazi yake na safari yake, lakini malipo yasitegemee ushindi. Mtaalamu kazi yake ni kuisaidia korti, hata kama nauli umelipa wewe. Akikuambia "shamba lako liliharibika nusu, si lote," usimfokee. Huyo ndiye atakayeaminika akibanwa maswali. Mtaalamu anayekubali kila unachotaka atapasuka kama puto kwenye swali la tatu.

Unganeni. Mtu mmoja hawezi kumlipa mtaalamu wa maji, lakini vijiji vitano vilivyozama vinaweza kuleta kesi moja na mtaalamu mmoja. Kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016, na vyuo vikuu vina wahadhiri wanaotafuta mambo ya kutafiti. Kuuliza si ujinga. Barua pepe haina nauli.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Simu zetu zina kamera, tarehe na ramani. Ng'ombe wakiingia shambani, usipige picha ya ng'ombe tu ukaipeleka kwa grupu la WhatsApp kuchochea watu. Piga shamba zima, kona hadi kona, hesabu mistari iliyoliwa, andika saa, hifadhi faili la asili bila kulihariri. Mtaalamu atakayekuja kesho atahitaji kitu cha kusimamia, na wewe ndiye utakayekuwa umekihifadhi. Picha ile ile inaweza kuwasha moto au kumaliza kesi, inategemea umeipeleka wapi.

Juzi nilikuwa na mjomba, nikapiga naye hesabu ya siku ile ya kesi. Kukodi pikapu mbili kwenda na kurudi, chai, mahamri, chakula cha mchana cha watu arobaini, muguka ya vijana. Tulipojumlisha, alikaa kimya kitambo. Pesa ile ingemleta afisa wa kilimo kutoka ofisini kwake mpaka kizimbani na chenji ikabaki.

"Sasa mbona hukuniambia?" akaniuliza.

Nimeandika hii makala kwa sababu ya swali hilo. Mvua ikianza, malka zitajaa, ng'ombe watapita tena na mahindi yatakuwa yameota. Nambari ya afisa wa kilimo wa wadi yako unayo kwenye simu?